Kilichofungwa kwa Mkono

Chumbani kwake tuliongea kwa sauti ya chini, kama kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Ukiingia na kelele zako za sokoni alikuinulia kidole, halafu akakuonyesha mbao za mninga pale ukutani, zimepangwa mbilimbili na kukandamizwa kwa mawe. "Wamelala," alisema. Waliolala ni vitabu.

Tulimwita Bi Fundi, mtaa mzima wa Utemini pale Singida, na kama alikuwa na jina jingine mimi sikulisikia. Alizaliwa wapi na nani, hayo kawaulize wanaojua koo za watu. Mimi namkumbuka alivyokuwa: mrefu, mwembamba, gundi imekauka kwenye kucha, ushungi umekaa upande, ugoro umefungwa kwenye pindo la kanga. Ilikuwa enzi za Mwingereza, reli ya kutoka Manyoni bado ipo, na kiangazi kikishika upepo ulitoka ziwani na magadi yake ukaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Mji ulikuwa mdogo. Vitabu vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe aliyekililia kilipoharibika.

Kazi yake aliiita kuuguza. Ukimwambia, "Bibi, nimeleta kitabu unishonee," anakukata kauli: "Kushona ni mwisho. Kwanza nimjue mgonjwa." Alikinusa. Alikigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alilamba ncha ya karatasi, ndiyo, alilamba, akatazama juu kama mpishi anayeonja chumvi. Halafu anakuambia kilinyeshewa wakati gani, mchwa wameingilia upande upi, na kama kimewahi kulaliwa na paka. Mara nyingi alipatia. Akikosea hakubali, anasema kitabu chenyewe kimedanganya.

Nilimjua kwa sababu ya ngozi. Mume wangu alikuwa mnunuzi wa ngozi, alizunguka Iramba yote kwa baiskeli. Ndivyo alivyonipata mimi kule Ulemo, binti wa mwalimu wa dini, nimesoma shule ya misheni, naimba sauti ya pili kanisani. Nikamfuata mjini, nikasilimu, Rebeka akawa Rukia. Sijutii, na narudia tena, sijutii. Ila nisikudanganye, niliondoka alfajiri bila kumuaga baba.

Baba alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, alimoandika watoto wake wote kwa mkono wake, walio hai na waliokufa. Haikupita muda habari zikanifikia kwamba wazee wa kanisa walimkalia kikao, wakamtaka afute jina langu. Watu wa Ulemo waliokuja mjini kuuza ngozi walisema amelifuta. Mmoja aliapa kwamba alichungulia dirishani akamwona ameinamia daftari, wembe mkononi.

Basi nilikuwa bibi harusi asiye na shoga, nalia jikoni kwa kisingizio cha vitunguu, siku mume wangu aliponipa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa nimpelekee Bi Fundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mnyiramba wewe."

"Umejuaje, Bibi?"

"Kanga yako ina moshi wa jikoni kwenu. Keti, usiguse kitu."

Nikaketi. Siku ile alikuwa amefua kurasa. Alikuwa na beseni pana la maji, amezilaza humo karatasi moja moja, na zile zilizokwisha kuoshwa amezitandaza kwenye kamba kutoka ukuta huu hadi ule, chumba kizima. Upepo mdogo ukiingia dirishani zilitikisika zote pamoja, na maandishi ya Kiarabu yakatembea kwenye kuta kwa vivuli. Nikawa nimekaa chini ya msahafu mzima uliofunguliwa juu ya kichwa changu, dini ambayo ndiyo kwanza nimeingia, sijui hata herufi moja. Sikumbuki nilikaa kwa muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilipotoka jua lilikuwa limezunguka upande wa pili wa nyumba na sikuwa nimelia.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa pale. Hakuniita mwanafunzi na sikumwita mwalimu. Alinipa gundi nichuje.

Gundi yake aliipika mwenyewe, kwa unga wa ngano ukipatikana, na usipopatikana kwa unga wa uwele uliotwangwa na kuchekechwa mara tatu. Inapikwa polepole, inakorogwa upande mmoja tu, halafu inachujwa kwa kitambaa. Mwisho alidondoshea utomvu wa shubiri mpaka ikawa chungu. "Gundi tamu ni kitoweo," alisema. "Mende akionja hii yangu, anahamia kwa jirani." Na jirani alikuwa mimi. Nilimlalamikia, akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Alikuwa na mfupa wa mbavu ya ng'ombe alioulainisha kwa miaka mpaka ukang'aa, wa kulaza karatasi na kupenya katikati ya kurasa zilizoshikana. Alikuwa na msharasi wa kutobolea, na uzi aliouvuta kwenye donge la nta ya kutoka Iramba ili usioze. Mawe yake aliyaokota mwenyewe kwenye majabali, na kila moja lilikuwa na kazi yake: jiwe la msahafu, jiwe la daftari, jiwe dogo la vitabu vya nyimbo. Kuna mwanamke mgeni mtaani aliwahi kuyaona yale mawe yamekalia mbao, akatoka mbio akisema yule bibi amefunga watu. Bi Fundi alipopata habari alimtumia salamu: kama mumewe ana tabia ya kuzurura, amlete, jiwe kubwa lina nafasi.

Kiraka hakukata kwa mkasi. Alilowesha mstari kwa ncha ya kidole, akachana taratibu, ukingo ukabaki na manyoya. "Manyoya ndiyo yanayoshikana. Ukikata kwa mkasi, kiraka kinakaa kama mgeni, kesho kimeondoka." Na hakuacha hata chembe ya karatasi ipotee. Vipande vidogo kama ukucha wa mtoto alivikusanya kwa unyoya wa kuku, akaviweka kwenye bahasha, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Lakini tundu ambalo kipande chake hakikupatikana, hilo alilijaza karatasi tupu, na tupu likabaki. Hapo ndipo alipogombana na karani mmoja wa baraza, bwana wa kaptula iliyopigwa pasi, aliyeleta kitabu cha hukumu kilichotafunwa na mchwa. Kilikuwa na shimo katikati ya kesi ya shamba. Bi Fundi akakiuguza wiki tatu. Karani alipokifungua akakunja uso.

"Sasa Bibi, hapa katikati mbona hapana kitu?"

"Mchwa wamekula."

"Si ungeniita nikwambie maneno, mtu wako akaandika?" Mtu wake nilikuwa mimi, nimeshika chujio.

"Bwana mkubwa, mimi nakipa kitabu nyama. Maneno si yangu. Maneno waliyokula mchwa, kawaulize mchwa."

Karani aliondoka amefura. Baadaye tulisikia kulikuwa na mtu aliyelitaka sana lile shamba. Bi Fundi alivuta ugoro wake uani, akapiga chafya mbili. Ndani ya chumba kile hakukuwa na kichupa cha wino, na kalamu yangu aliniamuru niiache mlangoni kama viatu.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: asifanye jambo kwenye kitabu ambalo fundi wa kesho hawezi kulifungua. Mafundi wa viatu walimletea gundi yao ya dukani, ile inayoshika mpaka kiama, akaikataa. "Gundi nzuri inakubali kuachia," alisema. "Atakuja mwingine mwenye akili kuliko mimi. Nisimfungie mlango."

Watu wa dini zote walikuja. Misahafu ya wenye maduka, vitabu vya nyimbo vya Wakristo wa Misigiri vimefungwa kwenye matambara, madaftari ya shule. Shoga zake wa msikitini walimsema: ati Bi Fundi unawashonea makafiri? Akawajibu, "Mchwa hawaulizi dini, niulize mimi?" Yeye mwenyewe alisoma Kiarabu tu. Herufi zetu za misheni hakuzijua hata moja, na hakuona haya. Ila angekifungua kitabu cha nyimbo asichoweza kukisoma akakuambia, "Huu hapa wanaupenda," kwa sababu ya uchafu wa dole gumba kwenye kona. "Na huu wanauimba kwenye misiba." Nikatazama, kweli, wimbo wa maziko. Alijuaje? Karatasi ilikuwa na madoa magumu ya duara, madogo madogo. Ni machozi yaliyokuwa yamekaukia pale.

Sasa, mtu huyo huyo mwenye huruma na karatasi, kwa watu alikuwa pilipili. Alinitukana mbele za wageni nikiweka kitabu kwa mgongo juu. Kwake mwenyewe paa lilivuja, akahamisha vitabu upande mkavu, yeye akalala upande wa maji. Wakati wa vita vya Hitila merikani ilipotea madukani, hapakuwa na kitambaa cha kuimarishia migongo ya vitabu. Nikamkuta anachana shuka lake la harusi, lile lililokaa sandukuni na karafuu tangu ujana. Nikapiga kelele, "Bibi, jamani!" Akasema, "Aliyenipa alishakufa. Hawa bado wana watu." Ukipata leo msahafu wa zamani Singida, ukauona mgongoni una kitambaa cheupe chenye uzi mwekundu, lile ndilo shuka.

Ugomvi wake mkubwa na sisi Wanyiramba ulikuwa moshi. Kwetu, kitu cha thamani hakikai sandukuni. Mbegu ya kupanda msimu ujao tunaiweka uchagani, pale juu ya mafiga, moshi uipitie usiku na mchana, na hakuna mdudu anayeigusa. Basi vitabu vilipokuja tukaviweka hapohapo na mbegu. Kwa akili yetu ndiyo heshima yenyewe. Vikamfikia Bi Fundi vyekundu kama nyama ya kukaushwa, kurasa zinavunjika kama majani makavu.

"Nyie watu! Kitabu ni nyama ya swala?"

"Lakini, Bibi, mchwa hawajakigusa."

"Mchwa hawajakigusa kwa sababu mmeshakila nyinyi!"

Tulirudia maneno hayo kila mara, mpaka yakawa kama salamu yetu.

Nilizaa mtoto wa kwanza, Salima, nikawa nambeba mgongoni nikichuja gundi. Nikazaa Zuhura. Zuhura hakukaa, homa ilimchukua kabla hajatembea. Siku za matanga Bi Fundi alikuja akaketi karibu yangu, akanishika mkono akawa anausugua kwa dole gumba kama anavyolaza karatasi. Halafu nikazaa Hamisi. Kila mtoto nilijiambia, huyu nitampeleka Ulemo kwa babu yake. Sikwenda. Niliogopa lile daftari. Nilijiambia kwamba nisipoliona, basi wembe haujapita.

Halafu baba akafa. Habari zilinifikia amekwisha zikwa. Kaka yangu ndiye aliyekuja, siku nyingi baadaye, amefunga kitu kwenye gunia. Alikuwa hanitazami usoni.

"Mama amesema hili ukae nalo wewe, maana wewe ndiye unakaa na watu wa vitabu. Linavunjika."

Lilikuwa daftari jeusi. Nililipeleka kwa Bi Fundi bila kulifungua. Nikaliweka mbele yake, nikasema yote: baba, wazee wa kanisa, wembe. Miaka yote ile sikuwa nimemwambia. Nikamwambia nataka jambo moja tu, kujua kama jina langu lipo.

Alilinusa. "Moshi," akasema, lakini bila kugomba. Akaligonga, akalifungua kurasa za mwanzo, nikaona mwandiko wa baba umeinama kama alivyokuwa akiinama mwenyewe: mvua, mavuno, wafu wa kijiji. Halafu akafika mahali kurasa mbili zimeshikana. Kwa hesabu yangu ndizo zenye majina ya watoto. Akapitisha kidole ukingoni, pande zote nne, akarudia. Akalamba. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu hata wakati ule.

"Hizi hazikushikwa na mvua," akasema. "Mvua inashika katikati. Hizi zimeshikana kandokando tu, katikati ni wazi. Zimefungwa kwa mkono."

"Basi zifungue, Bibi."

"Sifungui."

Nilidhani sikusikia.

"Kilichofungwa na maji nafungua. Kilichofungwa na mtu, mpaka niombe ruhusa."

"Mwenyewe amekufa!"

"Aliyekufa ana mke. Nenda kwenu, kamuulize mama yako."

Mungu anisamehe maneno niliyomwambia mwanamke yule. Nilimwambia hana moyo, anahurumia karatasi kuliko mtu, ndiyo maana hana mtoto wa kumzika. Nilisema hivyo. Alichukua ubao, akalilaza daftari la baba, akaweka jiwe juu. "Litanisubiri," akasema. Sikujua anasema daftari au anasema nini. Nikatoka na sikurudi.

Nilizaa wa mwisho, Mwajuma, na akaota meno yote, bila kukanyaga kwa Bi Fundi, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu. Nilisikia msharasi wake ukigonga. Halafu nikawa siusikii, wakasema macho yamefunga, mtoto wa jicho. Nikalala siku kadhaa bila raha, nikaota kurasa zimetundikwa kwenye kamba na mimi natembea chini yake nikitafuta moja. Asubuhi nikamwambia mume wangu nakwenda Ulemo. Hakuuliza, akaenda kutafuta lori.

Mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alimpokea Mwajuma kwanza, akamnusa shingoni, ndipo akanitazama. Sitasimulia yote tuliyoyasema, mengine ni yetu. Jioni jikoni nikamuuliza habari za zile kurasa. Akasema kwa Kinyiramba, huku anageuza ugali:

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Najua uji tu. Ule mwaka ulipoondoka, walipotoka wale wazee, baba yako akaniambia nimpikie uji wa uwele, mwepesi, bila chumvi. Nikajua amekonda kwa mawazo, nikapika. Akaingia nao chumbani. Asubuhi bakuli limekauka pembeni, uji wenyewe hakuunywa."

"Halafu?"

"Halafu akawa na tabia hiyo. Wakija watu wa ngozi na habari zako, wakiondoka tu, anataka uji ule ule, na wembe. Nikauficha wembe mara ya kwanza, nikaogopa. Akaniambia, nipe, sijiui. Mara tano nilimpikia uji wa namna ile. Na lile daftari hakuruhusu mtu alipandishe uchagani ila yeye, na kila siku aliangalia kama moshi unalifikia."

Nikamwambia mama kwamba Bi Fundi anaomba ruhusa ya kulifungua. Mama akaipua chungu.

"Lifungue," akasema. "Na mimi nataka kujua nilikuwa nampikia nini."

Nilirudi mjini siku ya tatu, na kabla ya kuingia kwangu nikaingia kwa Bi Fundi, Mwajuma mgongoni. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono imelala mapajani, kitu nisichowahi kukiona. Chumba kilikuwa kitupu karibu chote. Kamba hazikuwa na kurasa. Mbao zote zilikuwa zimesimamishwa ukutani, isipokuwa jozi moja, na jiwe lake juu.

"Shikamoo, Bibi."

Akageuza uso. Macho yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Marahaba. Umetoka kwenu. Unanuka moshi."

Nikapiga magoti nikaishika miguu yake nikamwomba radhi, nikalia kwa sauti. Mwajuma naye akalia. Bi Fundi akasema, "Haya, haya, mnawaamsha," wakati hakukuwa na wa kuamsha. Halafu akauliza, "Ruhusa?"

"Mama ametoa."

"Weka birika."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo akaniwekea ule mfupa wa mbavu kwenye kiganja changu, mara ya kwanza na ya mwisho. Mvuke ulipotoka nikaloweka kitambaa, nikakikamua, nikakilaza ukingoni kama anavyoniambia, nikahesabu pumzi zangu, nikaondoa. Yeye aliketi amenikaribia, kidole chake cha shahada kikitangulia mfupa. Gundi ilipoanza kulainika, kidole kikasimama.

"Ngoja." Alipapasa. "Hii si gundi moja. Hapa kuna ya zamani, ngumu. Juu yake kuna nyingine. Na nyingine." Akahesabu kwa kidole, taratibu, mpaka tano. "Huyu mtu alikuwa anafungua na kufunga. Anafungua kwa wembe, anafanya lake, anafunga tena."

Nikaupenyeza mfupa mbele kidogo.

"Uji mtupu," akasema, ameonja. "Hauna shubiri. Alijua gundi yake ni chakula cha wadudu, ndiyo maana alilipandisha kwenye moshi." Akatikisa kichwa. "Miaka yote nawatukana. Leo nawataka radhi Wanyiramba."

Kurasa zikaachia. Zilitoa sauti ndogo, kama mtu anayefungua midomo iliyoshikana usingizini. Katikati karatasi ilikuwa nyeupe, moshi haukuingia.

"Lipo?" akauliza Bi Fundi.

Majina yetu yalikuwa yamepangwa mstari kwa mstari, kaka yangu, mimi, wale wadogo. Rebeka. Halikukwaruzwa hata herufi. Na mbele yake, kwa wino mwingine, mwandiko umezeeka kidogo: Rukia. Jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Chini ya majina yetu, mmoja mmoja, kila mmoja na wino wake, Salima, Zuhura, Hamisi. Na pembeni ya Zuhura palikuwa na alama ndogo ya msalaba, ile ile aliyowawekea wafu wake wote.

Nilimsomea Bi Fundi kwa sauti, jina kwa jina, na kila jina alisema "ee". Mwajuma alikuwa amelala mgongoni kwangu, joto lake limenipenya.

"Na huyu uliyembeba?"

"Huyu hakumuwahi, Bibi. Alizaliwa baba amekwisha kufa."

Upepo wa ziwani uliingia dirishani, kamba tupu zikacheza. Bi Fundi alipapasa mkeka kama anayetafuta kitu, kisha akakunja mikono.

"Kalamu yako iko mlangoni?"

"Ipo nyumbani, Bibi. Kwako haiingii."

"Kailete. Na wino."

Nilikwenda mbio, nikarudi. Nikapiga magoti palepale, nikachovya, na katika chumba ambamo halikuwahi kuandikwa neno nikaandika chini ya Hamisi jina la Mwajuma, kwa mwandiko ambao baba alinifundisha mwenyewe. Nikataka kulifunika daftari. Bi Fundi akausikia ukurasa ukinyanyuka, akanyoosha kiganja akauzuia.

"Usilifunge," akasema. "Wino haujakauka."